Kamongo na Mdomo wa Inchi Moja

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini? Pakawa tangi la kioo, ndani ya tangi pakawa na mdomo, na nyuma ya mdomo pakawa na njaa.

Haya, mmeitika, ila wale wa nyuma mmeitika kama mliolazimishwa. Leo nataka sauti. Nikisema "Maji?" ninyi mseme "Yametulia." Tujaribu. Maji?

Yametulia.

Hapo sawa. Nyangoma, hizo karanga weka chini. Mbele huko kuna kutafuna kwingi, sitaki nishindwe kujua nani anatafuna.

Basi hapo kale, si kale sana, maana cherehani zilikuwapo na wateja walikuwa wameshaanza kulalamika, palikuwa na fundi wa nguo mjini Musoma, jina lake Bi Nyangeta. Kushona alijua, jamani. Akikushonea gauni, hata mumeo anakuuliza wewe ni nani. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Nguo ya Jumatatu aliitoa Ijumaa, na haikuwa Ijumaa ya wiki ile. Wateja walikuja, wakakaa kwenye benchi, wakanuna. Bi Nyangeta akawaza: niweke kitu wakitazame, wasahau walichofuata. Akatengenezesha tangi kubwa la kioo, akaliweka mbele ya benchi, akatia mawe chini, akajaza maji. Shemeji yake akamletea samaki mmoja kutoka kinamasini.

Samaki huyo alikuwa Kamongo. Mrefu kama mkono wa koti, mapezi membamba kama nyuzi, macho madogo yasiyoona mbali. Na kila baada ya muda alipanda juu, akatoa mdomo nje ya maji, akavuta hewa: fyooo. Samaki wengine wanapumua humohumo majini, lakini Kamongo asipopanda kuvuta hewa anakufa. Hiyo fyooo ikumbukeni, tutaihitaji.

Wateja walimpenda wiki nzima. Wiki ya pili wakaanza maneno. "Fundi, samaki wako mpweke. Anakula peke yake, analala peke yake, hana hata wa kumwambia karibu chakula. Mtafutie mwenzake."

Kwa Bi Nyangeta hakuna jambo lililofanywa bila kipimo. Akavua tepu shingoni, akasogea kwenye tangi.

"Kamongo, nakutafutia mwenzako. Sharti awe mkubwa kuliko mdomo wako, ili nisije nikakuletea mwenzako kumbe nimekuletea kitoweo. Hebu nikupime."

Kamongo akabana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Akasema kwa pembe ya mdomo, "Nipime tu, Fundi."

Tepu ikasoma inchi moja.

"Inchi moja tu?"

"Mimi hula kidogo, Fundi. Kwenye koo langu hapapiti hata kifungo cha shati."

Bi Nyangeta akaandika kwenye daftari la vipimo: Kamongo, mdomo, inchi moja. Sasa mnione mambo. Fundi mzima, ambaye kila siku anawaambia wateja "acha kubana tumbo, pumua nikupime," akapima mdomo uliobanwa na akaridhika. Tungekuwa naye hapa ningemuuliza, lakini hayupo, na kama angekuwapo angechelewa.

Akamtafuta Perege mwenye upana wa inchi tatu. Akampima mara mbili. Akamtia ndani, chubwi.

"Karibu, jirani," akasema Kamongo.

"Asante, jirani," akasema Perege.

Maji?

Yametulia.

Saa saba mchana Bi Nyangeta akafunga mlango, kwaa, akatia kufuli, ka, akaenda kula. Kamongo akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Akafungua mdomo, ule wa inchi moja. Ukafunguka. Ukaendelea kufunguka.

"Jirani, mbona..."

Hap. Kacha, kacha, kacha. Kamongo hutafuna, hutema, hutafuna tena, hana haraka. Perege aliwahi kusema neno moja tu: "Mama."

Bi Nyangeta akarudi. "Kamongo, Perege yuko wapi?"

"Amesafiri, Fundi. Kasema anakusalimu."

Bi Nyangeta akaguna, akamtafuta Kaa, mpana inchi nne, mwenye magamba na makucha. Akampima mara tatu. Akamtia ndani, chubwi.

"Karibu, jirani."

"Asante, jirani."

Maji?

Yametulia.

Saa saba mlango kwaa, kufuli ka. Kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu. Mdomo ukafunguka, ukaendelea kufunguka. Hap. Kachakacha, kachakacha, nje ngumu ndani laini. Kaa naye aliwahi kusema neno moja: "Mama."

Bi Nyangeta akarudi, akakuta gamba limelala juu ya mawe.

"Kamongo, Kaa yuko wapi? Na hili ni nini?"

"Hilo koti lake, Fundi. Kalivua, kaondoka. Anasema limembana kwapani, ulitazame mshono."

Bi Nyangeta akaona aibu, kwa sababu nguo za kubana kwapani zilikuwa zimeshamletea kesi nyingi. Hakuuliza tena.

Sasa sogeeni, maana nilipokuwa napataka ndipo hapa.

Siku ya tatu mama mmoja muuza samaki alipita na beseni, na ndani ya beseni mlikuwa na Furu. Mnamjua furu, samaki mdogo wa ziwani, mwenye mistari. Huyu alikuwa amevimba mashavu na kidevu kama mtu mwenye jino bovu, na hakufungua mdomo hata kidogo. Bi Nyangeta akampima: upana inchi mbili, mdogo kuliko wote. Akasita. Kisha akasema, "Huyu anaonekana mkimya. Pengine wale wengine waliondoka kwa sababu ya maneno." Akamtia ndani, chubwi.

"Karibu, jirani," akasema Kamongo.

"Mmm," akasema Furu.

"Umetoka wapi?"

"Mmm."

"Siku hizi wadogo hamwaamkii wakubwa?"

"Mmm."

Kamongo akafurahi. Akajisemea: huyu hata kupiga kelele hajui.

Nani anajua kwa nini Furu hakusema? Nyangoma, umetikisa kichwa bure, karanga ziko palepale mdomoni mwako, nimeziona. Na Furu naye alikuwa na kitu mdomoni. Watoto. Furu jike hulea watoto mdomoni. Huwatoa wacheze, wakiona hatari anafungua mdomo, wote wanarudi ndani, fyup. Huyu alikuwa na watoto thelathini humo, kila mmoja sawa na punje ya mtama, wamekaa wamebanana, na mdogo kuliko wote alikuwa kitinda mimba aitwaye Kembo, mtundu kuliko wenzake ishirini na tisa wakijumlishwa.

Maji?

Yametulia.

Saa saba. Mlango kwaa. Kufuli ka.

Kamongo akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akaanza kuja. Furu akarudi nyuma mpaka mkia ukagusa kioo. Aliogopa, nisiwafiche, aliogopa mpaka mistari yake ikafifia. Akifungua mdomo kuomba, watoto wanatoka. Akifunga mdomo, analiwa pamoja nao wote, mzazi na ukoo katika tonge moja. Ninyi mngefanyaje? Kimya. Naona kila mtu amekuwa Furu.

Mdomo wa Kamongo ukafunguka, ukaendelea kufunguka. Furu akautazama ule mdomo, na hapo ndipo akili ikamjia. Akafungua wa kwake.

Pu, pu, pu, pu. Wakatoka watoto thelathini, wakajipanga mbele ya kidevu cha mama yao. Kamongo akasimama ghafla.

"Samahani, mkubwa," akasema Furu. "Nilikuwa na chakula mdomoni, nikashindwa kukuamkia. Shikamoo."

Kamongo alisahau kuitikia. "Hao... hao wote wametoka humo?"

"Ni cha mchana tu. Cha asubuhi nilimaliza njiani."

Akafungua mdomo, watoto wakarudi ndani, fyup, thelathini. Akakaa kidogo, akawatoa tena, pu, pu, pu, pu. Kamongo akahesabu kwa macho yake madogo, akapotea kwenye kumi na nne. Tangu azaliwe alikuwa hajaona samaki mdogo mwenye mdomo wa kuingiza samaki wengi hivyo. Na yeye hajui watoto wa furu hukaa wapi, maana furu wote aliowala aliwala haraka.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ndipo Kembo, yule mtundu, akachungulia kutoka chini ya kidevu na kusema kwa sauti nyembamba, "Mama."

Maji?

Yametulia. Yalitulia mpaka yakaumiza masikio.

"Amekuitaje?" akauliza Kamongo.

Furu akamrudisha Kembo chini ya kidevu kwa pezi. "Kwani wewe hujui? Wakifika mdomoni wote husema hivyo. Wale wa kwako hawakusema?"

Kamongo akamkumbuka Perege. Akamkumbuka Kaa. Akarudi nyuma kidogo. "Walisema," akajibu polepole. "Kweli, walisema. Na mimi nikiingia mdomoni mwako?"

"Utamwita mama, hata kama humkumbuki."

Kamongo akarudi nyuma tena. Lakini mlafi akiogopa haachi kuwa mlafi. Baada ya muda akauliza, "Sasa jirani, mbona huwamezi?"

"Nimeze niishiwe? Wewe ukipata mmoja unamtafuna, anaisha, unakaa unamngojea Fundi akuletee mwingine. Mimi naweka. Nikitaka natoa, nikitaka narudisha. Huo ndio ulaji."

Kamongo akameza mate, kama samaki anaweza kumeza mate. Thelathini mdomoni kwa pamoja. "Nifundishe," akasema. "Tafadhali, mwalimu."

"Si kazi ngumu. Fundi akikutupia nyama, ichukue, ifunge mdomoni. Usitafune, usimeze, usifungue mdomo mpaka Ijumaa. Ukiweza kukaa na kipande kimoja, utaweza kukaa na samaki thelathini."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Bi Nyangeta alitupa kipande cha nyama ya ng'ombe. Kamongo akakidaka, hap, akafunga mdomo, akatulia, mashavu yamejaa. Wateja wakasema, "Tazameni, ameanza kuwa na adabu." Kamongo akakaa, akakaa, akakaa. Na kamongo akikaa sana anahitaji nini?

Fyooo. Mnaikumbuka. Akapanda juu, akafungua mdomo kuvuta hewa, fyooo, na nyama ikaponyoka ikashuka. Chini walikuwapo Furu na watoto thelathini. Nyama ikaisha kabla haijagusa mawe.

"Imeanguka, mwanafunzi," akasema Furu. "Anza upya kesho."

Kesho yake Kamongo akadaka, akafunga, akakaa, akakaa. Fyooo. Nyama ikashuka, watoto wakala. "Imeanguka, mwanafunzi. Anza upya kesho."

Kesho kutwa akadaka, akafunga, akakaa mpaka macho yakamtoka. Fyooo. Nyama ikashuka, watoto wakala. Mnaweza kusema wenyewe: imeanguka, mwanafunzi, anza upya kesho.

Wiki ikapita, ya pili ikapita. Kamongo akakonda, ngozi ikamlegea kama suruali ya kurithi. Watoto wa Furu nao wakanenepa, wakawa sawa na punje ya mahindi, kisha sawa na kifungo cha koti. Wateja walijaa benchi zima kuwatazama, na hakuna aliyeuliza nguo yake iko wapi. Bi Nyangeta alicheka, akaona kumbe kipimo chake cha inchi moja kilikuwa sahihi.

Furu peke yake ndiye hakucheka. Alijua kinachokuja. Mtoto akiwa punje anaingia mdomoni. Akiwa kifungo cha koti haingii.

Siku ikafika. Saa saba, mlango kwaa, kufuli ka. Kamongo alikuwa na njaa ya wiki mbili, na njaa ikamfanya asogee karibu kuliko siku zote. Furu akafungua mdomo haraka. Wakaingia watano, sita, saba. Wa nane akakwama na mkia wake nje. Ishirini na wawili wakabaki wanazunguka, wanapiga vichwa kwenye shavu la mama yao kama watu waliofungiwa nje mvua ikinyesha.

Kamongo akatazama. Akaona mistari ya Furu, akaona mistari ya wale wadogo, ni ileile.

"Mwalimu," akasema, "hicho si chakula. Hao ni wanao."

Furu akawatoa wote. Alikuwa amechoka kubeba na kuogopa. "Ni wanangu," akasema. "Thelathini. Niliwaleta humu kwa sababu sikuwa na pengine pa kuwaweka."

"Nimekufa njaa wiki mbili nikilisha wanao."

"Na wamekua vizuri, asante. Sasa utule, ni haki yako. Ila sikiliza, mkubwa. Ukimvamia mmoja, ishirini na tisa watatawanyika chini ya mawe, utapata kimoja cha kusugua meno. Tutajipanga mstari, tuingie wote kwa pamoja, mimi mbele na Kembo nyuma. Tatizo ni huo mdomo wako. Wa inchi moja hautatutosha."

Jamani, mtu mwenye njaa unaweza kumnyima chakula akavumilia. Usimwambie ana mdomo mdogo.

"Inchi moja?" akasema Kamongo. "Inchi moja ni ya daftarini. Tazama." Akafungua.

"Hizo mbili, mkubwa. Nitaingia mimi tu."

Akafungua zaidi. "Na sasa?"

"Tatu. Kumi bado wako nje. Pole, labda ndio mwisho wako."

"Mwisho wangu?" Akatanua mpaka mashavu yakalia kwe kwe kwe, koo likaonekana mpaka tumboni, na vipande vya gamba la Kaa vikaonekana vimenasa kwenye meno. "Haya ha-ha?" Alitaka kusema "na sasa," lakini mdomo ulikuwa wazi mno.

Furu alikuwa anasikiliza mlango. Bi Nyangeta alichelewesha nguo za mji mzima, lakini kurudi kutoka kula hakuwahi kuchelewa, kwa kuwa aliacha maharage yakiwa moto ili awahi kuwatazama samaki wake.

Ka.

Kwaa.

Bi Nyangeta akaingia na tepu shingoni. Akaona samaki wadogo thelathini na mama yao wamejipanga mstari, na mbele yao shimo.

"Usifunge," akasema. "Kaa hivyohivyo. Pumua, nikupime."

Akakunja mkono wa gauni, akatia tepu majini. Inchi nne na nusu. Akapima mara ya pili. Inchi nne na nusu.

"Kamongo, Perege yuko wapi?"

"Aaa," akasema Kamongo, tepu iko mdomoni.

"Na Kaa?"

"Aaa."

Bi Nyangeta akachomoa kipande cha gamba kwenye meno, akakitazama. "Na mimi niliyekaa siku tatu nautafuta mshono wa koti lake."

Maji?

Msijibu haraka. Yamechafuka. Yamechafuka kweli, maana Bi Nyangeta alitumbukiza mikono miwili, Kamongo akajinyonga huku na huku, chubu chubu chubu, benchi likalowa, vitambaa vikalowa, sare ya harusi ya mtu ikalowa, mpaka Kamongo akatua ndani ya ndoo. Shemeji akaitwa amrudishe kinamasini alikomtoa.

Kabla ndoo haijainuliwa, Kamongo akatoa kichwa nje, akavuta hewa, fyooo, akasema, "Mwalimu, wanao au si wanao, thelathini katika mdomo mmoja nimewaona kwa macho yangu. Lile somo bado lipo?"

"Lipo, mwanafunzi. Funga mdomo mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ya Fundi."

Ndiyo maana mpaka leo kiangazi kikifika Kamongo huchimba tope, akajikunja humo, akafunga mdomo, akakaa miezi na miezi bila kula, kakitundu kadogo tu ka kupumulia. Watu wanasema anangoja mvua. Mimi nawaambia anangoja Ijumaa.

Bi Nyangeta akafuta ile inchi moja kwenye daftari, akaandika kwa herufi kubwa: MDOMO UPIMWE UKIWA WAZI. Furu akaachiwa tangi lote, yeye na wanawe, na Kembo akawa anafundisha wenzake kuita "mama" kila mteja anapoingia. Nguo zilichelewa zaidi kuliko zamani na hakuna aliyelalamika.

Sasa funzo, maana wazazi wenu wataniuliza niliwafundisha nini. Funzo ni kwamba uongo ni mbaya. Kamongo alisema uongo wa inchi tatu na nusu, akafukuzwa nyumbani kwake. Furu alisema uongo wa wiki mbili, akapewa nyumba hiyohiyo. Kwa hiyo, wanangu, msiseme uongo, hasa mdogo. Na la pili, si adabu kusema na kitu mdomoni, Nyangoma, isipokuwa kama ni watoto wako.

Maji?

Yametulia.

Basi na mimi nimefunga. Aliyebaki na neno mdomoni alimeze, au alitunze mpaka Ijumaa.